Maswali yenye walimu na wanafunzi wanatuulizaga kila mara juu ya utafiti wa kufundisha na kujifunza

Tuko kikundi kidogo hapa Bukavu, walimu wa primere, wa sekondere na maasistanti wachache wa iniversite, tunakutanaga siku ya posho (Jumamosi) kusoma matokeo ya utafiti na kujaribu kuyaleta mu klasi zetu. Maswali yanarudiaga yale yale, ku simu, ku njia ya Nyawera, kisha misa, basi tumeyaandika hapa pamoja na majibu. Pale unasoma "mimi", ni mwalimu mumoja wa kikundi mwenye alishika kalamu. Hailazimu kusoma yote, tafuta swali lako.

Huu utafiti unatafuta nini? Kwani kufundisha si kazi yenye kila mwalimu anajua?

Unatafuta jibu la swali moja: kati ya vitu vyote vyenye mwalimu anafanya mbele ya wanafunzi, gani njo vinabakia mu kichwa chao na gani vinapita tu. Swali linaonekana nyepesi mpaka siku unaanza kupima. Karibu sisi wote tunafundishaga namna tulifundishwa. Mwalimu wetu aliandika ku tablo, tukakopia mu kaye, akauliza "mumeelewa?", tukaitika "ndiyo mwalimu!" klasi nzima sauti moja. Leo tunauliza vile vile na watoto wanaitika vile vile. Ile "ndiyo mwalimu" haipimi kitu. Mutoto anaweza kuwa na uhakika kabisa kama ameelewa, mwalimu naye ana uhakika, halafu siku ya enterogasio karatasi inarudi nyeupe. Kazi ya huu utafiti ni kutupatia njia ya kujua mapema, mbele ya ile karatasi kurudi, nani ameshika na nani hajashika, na tufanye nini kwa yule hajashika.

Kuna kitu hata kimoja chenye utafiti umeonyesha wazi, bila maneno mingi?

Kiko, na kinatugusa sisi wa Kiswahili kuliko watu wengine wote. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walitosha mu gazeti Science matokeo ya utafiti wenye walifanya na wanafunzi wa iniversite kule kwao. Walihitaji maneno ya luga yenye wale wanafunzi hawajui, wakachagua Kiswahili. Waliwapa maneno 40 ya Kiswahili na maana yake kwa Kingereza, na moja kati yake ni mashua. Neno lenye mutoto wa hapa pembeni ya ziwa analijua mbele hata ya kuingia masomo (shule), kule walilitumia kupima namna kichwa cha mutu kinashika vitu.

Wote walisoma na kuulizwa mpaka kila neno walijibu vizuri angalau mara moja. Kuanzia pale njia zikaachana. Kuna wenye, neno wakishalijibu, waliendelea kulisoma tena na tena bila kuulizwa. Kuna wenye waliendelea kuulizwa tu bila kulisoma tena. Nyuma ya wiki moja wote wakarudi. Wale wa kuulizwa walikumbuka karibu 80 kwa 100. Wale wa kusoma tena bila kuulizwa walikumbuka kama 36 kwa 100. Maneno ni yale yale, watu ni wa kiwango kimoja, na mu mwisho wa kujifunza wote walikuwa wameshajibu kila neno.

Kitu chenye kinanishikaga mimi zaidi ni hiki: siku ile ya kusoma waliulizwa wanafikiri watakumbuka maneno mangapi nyuma ya wiki moja, na makundi yote yakasema karibu nusu. Hakuna kundi lililojiona ndani, wenye kwenda kupata 80 na wenye kwenda kupata 36 walijiona sawa.

Mbele ya pale, mu 2006, wale wawili walikuwa wamefanya ingine na maandiko ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara mbili, lingine lilisoma mara moja kisha likaandika yote yenye linakumbuka. Wakipimwa nyuma ya dakika 5, wale wa kusoma mara mbili walikuwa mbele, 81 kwa 100, wengine 75. Nyuma ya wiki moja ikageuka, wa kusoma mara mbili 42 kwa 100, wengine 56. Sasa muangalie vizuri, ile dakika 5 njo inadanganyaga wanafunzi wetu. Mutu anabloke usiku kucha ku taa ya simu, asubuhi anaingia ekzame bado ya moto, anapita, anasema njia yangu ni nzuri, na mwezi wenye kufuata kozi yenye inajengwa juu ya ile anaianza ku sifuri.

Tangu 1885 Hermann Ebbinghaus, Mujerumani mumoja, alijipima mwenyewe na akaonyesha namna tunasahauga mbio mu masaa ya kwanza, kisha polepole. Dawa yenye utafiti umerudilia kuthibitisha ni kugawa: saa moja ya kusoma uigawe mu siku tatu, badala ya kuimaliza siku moja.

Lakini kuuliza-uliza si njo kushikisha watoto kwa kichwa sawa kasuku?

Hapana, na tunaelewa kwa nini swali hili linakuja, juu tumeumia na ile ya kukariri. Kasuku anarudilia maneno yenye amesikia sasa hivi. Sisi tunasema mutoto akunje kaye, akae kimya, atoshe kitu mu kichwa chake mwenyewe, kwa maneno yake, tena ku hali yenye haikufanana na ya ku leso (kipindi cha kufundisha).

Mufano. Umefundisha faida na hasara. Ukiuliza "faida ni nini?" utapata mustari wenye uliandika ku tablo, vile vile, na koma zake. Jaribu hii: mama amenunua ndoo ya sambaza 40 000 franka, ameuza kopo 30, kila kopo 1 500, na kopo 4 zilimuharibikia hakuuza. Amepata faida ao hasara, ngapi? Mutoto mwenye ameshika maneno tu atakamata 30 atoshe 4, juu ameona neno "haribika" na amezoea kama hasara ni kutosha. Mutoto mwenye ameelewa ataona kama 30 zimeshauzwa, 45 000 iko mu mukono, faida 5 000. Yule wa kwanza yuko na "ndiyo mwalimu" yenye sauti kubwa kuliko wote, na bila lile swali hautamujua mpaka juni.

Klasi yangu iko na watoto 80 na zaidi. Hayo yote si ya kule kwao?

Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, wakati primere ya serikali ilianza kuwa bure, watoto mingi wenye walikuwa wanabakia ku nyumba waliingia klasi, na ile ni haki yao, iko hata mu Katiba ya 2006. Lakini vyumba havikuongezeka mbio sawa watoto. Hatutakudanganya: hakuna metodi yenye inaweza kufanya klasi ya watoto 80 ku banki 20 iwe sawa na ya watoto 35. Yenye tunaweza kusema ni kama vitu vya nguvu mu huu utafiti havikulombi pesa.

Cha kwanza ni kungoja. Mary Budd Rowe, mutafiti wa Marekani, mu myaka ya 1970 alirekodi walimu wakifundisha kisha akapima wakati wenye wanangojaga nyuma ya kuuliza swali. Alikuta kama ni segonde 1. Segonde moja! Mwalimu anauliza, na kama hakuna mukono anajibu mwenyewe ao anamuita yule mutoto wa mbele mwenye anajuaga kila kitu. Wale walimu wakijifunza kungoja segonde 3 na zaidi, majibu yakawa marefu, watoto wengi zaidi wakaanza kusema, na wale wa "sijui" wakapunguka. Ni segonde 3 tu, hailombi ruhusa ya mutu. Lakini jaribu uone vile ni mugumu, ile kimya inaumaga, unaona sawa klasi imekushinda. Hesabu polepole mu roho, moja, mbili, tatu, kisha njo uite jina.

Cha pili, kila mutoto aandike mbele ya mutu yeyote kujibu. Ardwazi, nyuma ya kaye, kipande cha karatasi. Mwenzetu mumoja anafundisha mwaka wa sita ku masomo moja ya Kadutu, hapa Bukavu, nyumba ni mabati bila plafo. Wakati mvua ya muchana inapiga, sauti ya mwalimu haipite banki ya pili, na walimu wengi pale wanaachaga watoto wakae mpaka mvua ikatike, inaweza kuwa nusu saa mara tatu kwa wiki. Yeye aliamua mvua iwe wakati wa kukumbuka. Ikianza tu, anaandika neno moja ku tablo, kama "mashapo" ao "seemu za ua", watoto wanakunja kaye na kuandika yote yenye wanakumbuka. Kisha jirani anasoma ya jirani na kuongezea yenye imekosekana. Anapitapita katikati ya banki akiangalia. Aliniambia kama mu myaka 11 ya kufundisha ile njo mara yake ya kwanza kujua nani kweli hajui kuandika sentensi, juu wale walikuwa wanakopiaga vizuri sana, herufi nzuri, mustari sawa, na hawakuwa wanasoma hata kidogo yenye wanakopia.

Watoto wangu wa mwaka wa tano hawajui kusoma. Nifundishe programu ya mwaka wa tano ao nirudi nyuma?

Rudi nyuma, angalau saa moja kwa siku. Hauko peke yako: Benki ya Dunia mu 2022 ilihesabu kama karibu watoto 97 kwa 100 wa miaka 10 mu Kongo hawawezi kusoma maandiko mafupi na kuyaelewa. Hiyo haiko aibu ya mwalimu mumoja.

Njia yenye imepimwa sana inatoka Uhindi, ku shirika Pratham. Kila mutoto anapimwa kwa dakika chache tu, ana kwa ana: anajua herufi? anasoma neno? sentensi? hadisi fupi? Kisha kwa saa moja ao mbili kila siku, watoto wa mwaka wa tatu mpaka wa tano wanachanganywa na kupangwa kufuata kiwango chao, mwaka wao unawekwa pembeni kwanza. Wa herufi na wa herufi, wa sentensi na wa sentensi. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, wenye walipata Nobel ya uchumi mu 2019 pamoja na Michael Kremer, waliipima na wenzao mara mingi, kwa kuchagua masomo kwa kura, na watoto walisonga mbele.

Wazo la ndani ni hili: programu inaenda mbio na watoto wachache wa mbele, wengine wanabakia wameketi tu. Ukifundisha fraksio kwa mutoto mwenye hajajua kuhesabu mpaka 100, yuko klasi lakini leso haiko yake.

Tufundishe kwa Kiswahili ao kwa Kifaransa?

Swali lenye linaletaga maneno mingi kuliko yote siku ya posho! Sheria iko wazi: sheria ya mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya elimu inakubali luga za taifa ao luga za mahali zitumikwe kufundishia, na za taifa ni ine, Kiswahili, Lingala, Ciluba na Kikongo. Utafiti nao unakubali kama mutoto anajifunza kusoma mbio zaidi mu luga yenye anaisema. Kusoma ni kugeuza alama kuwa sauti, na sauti kuwa maana. Kama ile sauti haina maana kwake, mulango wa mwisho unabakia umefungwa.

Kremer na wenzake waligawa vitabu mu masomo ya Busia, Kenya ya magaribi, wakifikiri pointi zitapanda. Hazikupanda, ila kwa watoto wenye walikuwa wa kwanza-kwanza tayari. Vitabu vilikuwa kwa Kingereza, luga ya tatu kwa watoto mingi kule, na wengi hawakuweza kuvisoma. Pesa ilitumika, vitabu vilifika, na mutoto wa katikati hakupata kitu.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Kule Kameruni watoto wa Kikom wenye walifundishwa kwa luga yao myaka ya kwanza waliwapita mbali wenzao wa Kingereza mu mwaka wa tatu. Kisha walihamia Kingereza, na kufika mwaka wa tano ule uzuri ulikuwa umepotea. Mimi naonaga kama pale pa kuhama luga njo panaua, na hakuna mutu anatayarishaga watoto kwa ile siku.

Na hapa kwetu kuna jambo la pembeni lenye wazazi hawaoni: Kiswahili cha kitabu haiko Kiswahili cha Kadutu. Kitabu kinasema "mtoto anatoa kitabu", mutoto wetu anasema "anatosha". Mutoto mwenye ametoka Walungu ao Kabare anaongezea Mashi, luga ya kule, chini yake. Usimucheke na usimukatie neno. Andika yote mbili ku tablo, ya ku nyumba na ya kitabu, aone kama ni ndugu.

Ni kweli kuna mutoto wa macho, mutoto wa masikio, mutoto wa mikono?

Hapana. Mu 2008 Harold Pashler na wenzake walitafuta utafiti wenye unaonyesha kama ukifundisha kila mutu kufuata "aina" yake anajifunza zaidi, na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuijenga mu masomo. Watu wako na yenye wanapenda, ile ni kweli. Lakini ramani inafundishwa na ramani kwa wote, na kutamka kunafundishwa na sikio kwa wote. Muache kulipa pesa za formasio ya hiyo.

Ku iniversite je? Profesa anadikte silabusi masaa mane.

Kudikte kulikuwa na sababu wakati vitabu havikuwako. Leo silabusi inakopiwa pale ku mulango kwa franka kadhaa, na bado tunatumia masaa mane kuisoma kwa sauti.

Mu 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya utafiti 225 wa kozi za sayansi na hesabu za iniversite. Mu kozi za kusikiliza tu, wanafunzi wenye walianguka walikuwa karibu 34 kwa 100. Mu kozi zenye wanafunzi wanafanya kitu, wanajibu, wanabishana, wanatengeneza, walikuwa karibu 22. Chukua promosio ya watu 300, ni kama 36 wenye wangerudilia mwaka na sasa hawarudilie. Kila mumoja iko muzazi ameuza kitu kulipa minervali.

Njia moja rahisi ni ya Eric Mazur, profesa wa fizike wa Harvard. Mu myaka ya 1990 aligundua kama wanafunzi wake walijua kutumia formula bila kuelewa jambo lenyewe. Akaanza kukatisha leso na swali moja la kuchagua. Kila mutu anajibu peke yake, kisha anageukia jirani mwenye amejibu tofauti na kujaribu kumusadikisha, kisha wote wanajibu tena. Hapa hatuna mashine za kujibia, basi tunatumia vidole mbele ya kifua, kimoja ni A, viwili ni B, jirani asione. Mu oditwari ya watu 300 unaona mara moja kama vidole vinafanana ao vimechanganyika. Vikifanana vizuri, endelea. Vikichanganyika, waache wabishane dakika 2, na usiogope ile kelele, ni kelele ya kazi.

Nilijaribu, na wanafunzi wangu wakalalamika kama "profesa hafundishe tena". Niache?

Usiache, lakini waelezee. Mu 2019 kule kule Harvard, Louis Deslauriers na wenzake waligawa wanafunzi wa fizike mu mafungu mawili, moja likasikiliza leso nzuri ya mwalimu hodari, lingine likafanya maswali mu vikundi. Wa vikundi walijifunza zaidi ku tesi, lakini walipoulizwa walisema wamejifunza kidogo kuliko wale wengine. Leso yenye kuteremka vizuri inaleta raha ya kuelewa. Kuhangaika na swali kunachosha, na mutu anaona ile uchovu sawa kutojua. Siku ya kwanza ya kozi waambie hivyo na takwimu, wanafunzi si wajinga, wakijua sababu wanakubalia.

Simu na akili bandia zinasaidia ao zinaharibu?

Inategemea nani anatosha jibu. Kule Uturuki watafiti walifanya utafiti na wanafunzi wa sekondere, karibu elfu moja: wengine walipata akili bandia ya kawaida ya kusaidia mazoezi ya hesabu, wengine ingine yenye haitoe jibu, wengine hawakupata kitu. Wakati wa mazoezi wale wa ile ya kawaida walifanya vizuri sana kuliko wenye hawakupata kitu, kisha ku ekzame bila mashine wakafanya vibaya kuliko wale wenye hawakuwahi kuipata, kama 17 kwa 100 chini. Na wenyewe hawakuona kama wamejifunza kidogo. Ile yenye ilitengenezwa itoe tu msaada kidogo kidogo bila kutoa jibu haikuharibu hivyo. Kwa mwalimu mwenye anatayarisha maswali ya kesho, akili bandia ni musaada muzuri. Kwa mutoto mwenye anakopia devware, hapana.

Watoto wengine wametoka vitani, wanalala mu leso ao wanalia. Utafiti unasema nini?

Hili hatutalijibu mbio. Mutoto mwenye hajui kama kesho atalala fasi gani, kichwa chake kinafanya kazi ingine, ya kuchunga mulango. IRC, shirika lenye linasaidia wakimbizi, na watafiti wa iniversite ya New York walifanya utafiti hapa hapa Kongo, kule Katanga, ku masomo ya primere, waliyoyapanga kwa kura. Walimu walifundishwa kusomesha kusoma na hesabu na wakati ule ule kutengeneza klasi yenye ina utulivu, yenye mambo yanafuatana kila siku vile vile, na walikuwa wanakutana wao wenyewe mu vikundi kusaidiana. Nyuma ya mwaka moja watoto walisema masomo yao na walimu wao wanawajali zaidi, na kusoma kukapanda kiasi. Haikuwa muujiza. Ni mwaka moja, ku masomo yenye vita inaingia na kutoka.

Yenye tunafanya sisi: leso inaanza kila siku na kitu kimoja, wimbo ule ule, maswali yale matatu, mwalimu amesimama ku mulango anaita kila mutoto jina. Fimbo inabakia inje. Mutoto mwenye anaogopa anaweza kuketi kimya kabisa na haingize kitu, na ile kimya walimu wengi wanaiitaga disipline.

Mimi niko mwalimu tu. Naweza kufanya utafiti mu klasi yangu?

Unaweza, na ni kazi yenye ina jina na historia. Kurt Lewin aliongelea utafiti wa matendo mu myaka ya 1940, na Wajapani wakona desturi ya zamani kwenye mwalimu anafundisha leso moja wenzake wakiwa wameketi nyuma wanaandika yenye watoto wanafanya, kisha wote wanaitengeneza pamoja.

Kamata swali moja dogo. "Namna ya kuinua elimu Bukavu" haiwezekane. "Watoto wangu watakumbuka maneno ya sayansi zaidi nikianza leso na maswali matatu?" hii inawezekana. Pima mbele. Badilisha kitu kimoja tu. Pima tena nyuma ya wiki tatu, si siku ile ile. Na tafuta wa kulinganisha naye.

Pale pa kulinganisha mimi mwenyewe nilikosea vibaya. Nilikuwa na klasi mbili, ya asubuhi na ya muchana. Nilitia maswali matatu asubuhi, muchana nikaendelea vile vile. Asubuhi ikapita mbali, nikafurahi, nikaambia wenzangu, na mumoja akaanza kubadilisha kozi yake yote. Siku moja mama mumoja mukubwa, mwalimu wa myaka mingi, akaniuliza: "Mwanangu, wale wa muchana wanakulaga saa ngapi?" Sikuwa nimeuliza hata siku moja. Wengi wao walikuwa wanachota maji na kuuza mbele ya kuja, wanaingia na njaa na jua. Mwaka wenye kufuata nikafanya kwa zamu, wiki tatu maswali asubuhi, wiki tatu muchana. Klasi yenye ilikuwa na maswali iliendelea kuwa mbele, lakini kwa nafasi ndogo kuliko ile ya kwanza. Ile ndogo njo ya kweli, na njo naandikaga leo.

Nahitaji ruhusa ya nani?

Mwambie direkta ao prefe, mwambie wazazi ku mukutano. Usiandike jina la mutoto fasi yeyote, tumia namba. Mwanafunzi wa iniversite akikataa, pointi zake zisiguswe. Na kama unaona mapema kama kitu kinaumiza kundi moja, simamisha.

Inspekteri atakuta leso yangu haifuate fishi. Atanikatia pointi?

Fishi ya preparasio iko na nafasi ya kurudilia leso ya nyuma mbele ya leso mpya. Andika maswali yako matatu pale, kwa wino, na majibu yenye unangojea. Hakuna inspekteri tumeshamuona akikataa hiyo, na wawili walitulomba nakala.

Basi kesho asubuhi naanzia wapi?

Leo mangaribi tafuta maswali matatu: moja ya leso ya jana, moja ya wiki iliyopita, moja ya mwezi uliopita. Mafupi, ya sentensi moja. Kesho, mbele ya kusema kitu kingine, gawa kila karatasi mu vipande vine ili usimalize karatasi za watoto, kaye zikunjwe, dakika 5, bila jina, bila pointi, na uwaambie kama haina pointi. Kusanya. Wakati wanafanya zoezi la kwanza, panga vipande mafungu matatu juu ya meza yako: wenye wamejua yote, wenye hawakuandika kitu, na wa katikati. Soma kwanza ya katikati, yote, juu mule njo makosa yanaonekanaga wazi: utaona watoto 15 wameandika kosa moja lile lile, neno kwa neno, na utakumbuka siku yenye ulilifundisha. Anzia leso yako pale.